Vyondo Vilivyopinduliwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilifika kwenye jumba la sanaa katikati ya Nairobi nikiwa nimekariri majina ya wachoraji kama mtoto wa katekisimu. Mkuu wa Maonyesho, Msikh mrefu mwenye kilemba cha buluu, hakuniuliza hata jina moja. Alinisimamisha kwenye kona.

"Madam, usiangalie uso ya mgeni. Uso iko na adabu sana," akasema. "Angalia miguu. Miguu ikisimama, hiyo picha iko na kitu."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza uelekezi, yaani kuwatembeza wageni na kuwaeleza wanachokiona. Ninyi vijana huchagua maonyesho kwa kutazama tangazo. Sisi tulizunguka ukumbi mara ya kwanza bila kusoma maelezo yoyote, kisha tukarudi pale palipotuvuta. Mimi ni mbishi tangu utoto, lakini kwa hilo sikuwahi kumpinga yule mzee.

Baadaye nilihamishiwa tawi letu la mtaa wa Karen, chini ya Msimamizi wa Ukumbi, mama mwenye haraka na visigino virefu. Huko tulikuwa na maonyesho ya vyondo, vile vikapu vya mkonge, vya Mama Ndinda, msusi wa mtaa wa Waithaka, ya kwanza maishani mwake. Wageni walipita tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Nadhani hawakuwahi kufanya kazi kwenye ukumbi wa maonyesho. Msimamizi akaamua vyondo viondolewe Ijumaa, michoro mikubwa ichukue nafasi. Niliumia sana, maana Mama Ndinda alikuwa ameshaalika kanisa lake lote kwa Jumapili.

Nikampigia simu yule Mkuu wa Maonyesho kule mjini. Alikuja Alhamisi, akakaa kwenye kiti cha mlinzi asubuhi nzima akitazama sakafu. Wakaingia akina mama wawili kutoka Dagoretti, wanaomfahamu msusi. Mbele ya kiondo cha kwanza wakasimama. Wakainama, shingo zimepinda, wakijaribu kuchungulia chini yake.

Mkuu akapiga magoti kando yao, mzee mzima. "Mama, munatafuta nini huko chini?"

"Kitako," mmoja akajibu. "Kiondo inaanzia hapo. Mkono ya mtu inaonekana hapo, si kwa mdomo."

Mzee akacheka kwa furaha. "Na sisi tumekalisha yote kama sufuria! Pindua! Pindua yote!"

Tukavipindua mchana huohuo. Mizunguko ya mkonge ikajitokeza, myekundu na myeusi, kila kitako na nakshi yake. Msimamizi mwenyewe alisimama mbele ya kimoja, simu yake ikilia asiisikie. Ijumaa hakikuondolewa hata kimoja.

Sasa nimestaafu, na wakubwa wangu wote nawaheshimu, hata yule wa visigino, kwa kuwa alikubali kubadili neno lake. Wajukuu wakiniuliza maonyesho gani yanafaa, nawaambia waanze na yale yasiyo na foleni. Lakini nikibaki peke yangu huikumbuka Jumapili ile. Mama Ndinda alikuja na waumini wenzake, amevaa kitenge kipya, akasimama mbele ya kiondo kidogo kuliko vyote.

"Nisomee hapa," akaniambia, akionyesha karatasi iliyobandikwa kando yake.

Alijua kusoma vizuri tu. Nikamsomea jina lake.

"Tena," akasema.