Mvinyo Uliogeuka Wenyewe

Chupa zangu za kwanza sikuzichagua. Nilikwenda Nakasero kununua godoro.

Ilikuwa miaka ya serikali ya jeshi. Wahindi walikuwa wamekwisha kufukuzwa, na wageni wengine waliokuwa wamebaki mjini waliondoka kimya kimya, familia moja leo, nyingine kesho, wakiuza vyombo vyao getini. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika idara ya serikali, nimemaliza sekondari, nimeoa karibuni, na godoro letu la sufi lilikuwa na bonde katikati. Nilipofika, godoro nililoambiwa lilikuwa limeshachukuliwa. Mama wa Kizungu mwenye nyumba aliniona nimesimama na pesa mkononi, akanionyesha kasha la mbao lililojaa chupa za mvinyo. Kwa bei ya godoro, alisema, nichukue zote. Huku akikunja mapazia akanieleza haraka haraka jinsi ya kuzitunza: zilazwe, zisipigwe na mwanga, zisitikiswe. Nililoshika ni hilo la mwisho tu. Nilirudi nyumbani Ntinda kwa miguu, kasha begani, nikitembea kama niliyebeba mayai.

Mke wangu alinifungulia mlango, akalitazama kasha, akaligonga kwa kidole.

"Godoro hili ni gumu, afande."

Aliniita afande kwa utani. Baba zetu wote wawili walikuwa polisi kutoka kaskazini, na sisi tulikulia katika kota zile zile, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya uani. Tofauti ilikuwa dini. Kwao walikuwa Waislamu, kwetu Wakristo. Tulipooana mbele ya mkuu wa wilaya, baba yake, ambaye alikuwa sajini, hakufanya fujo. Alisema tu kwamba hatakula katika nyumba yetu. Mama mkwe alikuja mara kwa mara, sajini hakuja. Mke wangu hakulalamika, lakini kila Idi alipika chakula kilichotuzidi sisi wawili, na jioni akakigawa kwa majirani.

Chupa nilizisimamisha sebuleni, ndani ya kabati la vioo, juu ya vitambaa alivyovifuma mke wangu mwenyewe. Jua la alasiri lilipita dirishani na kuzimulika moja moja. Wageni walizisifu, nami nikaona nimezihifadhi.

Ya kwanza niliyoifungua niliona kama dawa ya kikohozi. Ya pili nilikunywa polepole, na kesho yake nikaikumbuka kazini, katikati ya misumari na mabomba. Sikuwa mlevi. Kilichonishika ni kuona kwamba chupa mbili za rangi moja zinaweza kutofautiana kama ndugu wawili wa tumbo moja. Mke wangu hakuonja, wala sikumwambia aonje. Lakini alivuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza na kuniuliza, "Inafanana na nini?" Nikisema inafanana na zambarau, haridhiki. "Zambarau mbivu au iliyopasuka?" Nikisema kuna harufu ya ngozi, anauliza ngozi ya mkanda au ya kiatu. Alitaka maelezo kamili. Sijapata tena mtu wa kuniuliza hivyo.

Jumapili moja nilifungua chupa na kujaza glasi, nikatema. Ilikuwa kali, inakwangua ulimi. Mke wangu akatoka jikoni, akanusa mdomo wa chupa, akaanza kucheka.

"Hii si pombe tena. Hii ni siki."

"Nimeiharibu."

"Umeiharibu kwako. Kwangu imetengenezeka."

Akanieleza walivyofundishwa nyumbani kwao. Mvinyo ukigeuka wenyewe ukawa siki, ni halali. Lakini mkono wa mtu ukiusaidia, kwao hawagusi. Akanikazia macho. "Hukutia kitu? Hukuiacha wazi makusudi?"

"Niiache makusudi, na godoro langu limo humo ndani?"

Alichovya ncha ya kidole akalamba. Alikata vitunguu, nyanya na pilipili, akamwagia ile siki, tukala kachumbari katika sahani moja kwa mikono yetu miwili. Ndiyo siku ya kwanza alipoonja kitu kilichotoka katika chupa zangu, na alikula mpaka machozi ya pilipili yakamtoka.

Siku zile hata chumvi na sabuni ziliadimika, na siki watu walikuwa wameshaisahau. Alijaza chupa ndogo ya jemu akawapelekea wazazi wake. Wiki iliyofuata chupa ile ilirudi imejaa ufuta uliosagwa. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hilo ni la kawaida. Lakini gunia la ufuta lilikaa chini ya kitanda cha sajini, na hakuna aliyelifungua bila ruhusa yake. Mke wangu aliiweka chupa juu ya meza, akaizungusha, akaitazama kila upande.

"Amekula," alisema.

Mimi mawazo yangu yalikuwa kwingine. Niliona aibu kuharibu mvinyo. Nilitaka kuwa mtu anayejua. Nikaanza kwenda Kikuubo, kwenye vichochoro vya wauzaji wa jumla, ambako bidhaa za maduka yaliyofungwa zilijitokeza bila mtu kuuliza zimetoka wapi. Mama mmoja wa Kiganda aliweka chupa zake chini ya meza, nyuma ya madebe ya mafuta ya taa. Nilichuchumaa hapo nikiinua moja moja.

"Ssebo, bwana wangu, wewe nanunua ama nanusa? Hii si samaki."

"Naangalia kizibo, mama. Kimepanda."

"Kimepanda, kinakwenda wapi?" Wenzake wakacheka. Akanitolea nyingine. "Chukua hii. Iko tamu. Askari yote inapenda."

"Ndiyo maana siitaki."

Kicheko kikakatika. Akatazama huku na huku, akanisogelea. "Sema pole pole, ssebo. Hapa masikio mingi."

Nilijifunza kwa hasara. Kizibo kikichomoza, chupa imekaa kwenye joto. Mvinyo ukishuka chini ya shingo, kizibo kinapitisha hewa. Karatasi ya chupa ikiwa na michirizi, chupa imewahi kutokwa na machozi, yaani kuvuja, na haifai kuwekwa. Kabla sijayajua hayo, mama yule alikuwa amenipa moja iliyokwisha kugeuka zamani. Nilipoifungua nilikasirika. Mke wangu akaipokea kwa mikono miwili, akaniuliza tena kama niliiacha wazi makusudi, kisha akaenda kutafuta chupa ya jemu.

Safari hii alirudi kutoka kwa wazazi wake akiwa ameshika viatu mkononi, maana alitembea haraka mpaka kamba ikakatika. Alisimama mlangoni akicheka na kupumua kwa pamoja.

"Baba amesema nini, unajua? Amesema, mwambieni huyo karani wa chupa, ikigeuka nyingine asiniletee. Nitakuja kuilia huko huko."

Nilicheka nami. Niliuona ni utani wa mzee. Lakini mke wangu alinunua mkeka mpya, akaukunja, akausimamisha nyuma ya mlango. Niliporudi kutoka kazini siku nyingine nikataka kuukalia, alininyang'anya. "Huu una mwenyewe."

Hapo ndipo nilipogeuka fundi. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, na mchana sebule iliwaka. Nililalamika sana juu ya joto lile. Mke wangu akanisikiliza siku kadhaa, kisha akauhamisha mtungi wake wa maji kutoka kona ya stoo ya nyuma ya jiko, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani, akasema nipachukue. Nilimwaga mchanga pale, nikazilaza chupa, nikafunika kwa gunia. Kila asubuhi alipojaza mtungi alimwagia mchanga maji kidogo. Mimi nilikuwa kazini. Aliyezilinda chupa zangu ni yeye.

Hazikuharibika tena. Nilifungua kwa nafasi, labda moja kwa mwezi, na kila moja ilitoka safi.

"Leo imekuwaje?" aliniuliza.

"Safi."

"Haikugeuka hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mimi fundi sasa."

"Hongera, afande."

Na pembeni mwa meza palikuwa na sahani ya vitunguu vilivyokwisha kukatwa. Niliiona. Niliiona zaidi ya mara moja, nikadhani ni vya mboga ya jioni.

Hakuweza kuniomba. Hilo nililielewa baadaye sana, na sina wa kumlaumu, kwa kuwa alikuwa ameniambia kila kitu Jumapili ile ya kwanza. Angeniomba niiache moja wazi, ungekuwa mkono wa mtu, na baba yake angeuliza, naye hakuwa mtu wa kumdanganya baba yake. Alichoweza kufanya ni kungoja nikosee. Na mimi, kwa kujivuna, sikukosea. Ningeiacha hata moja tu kabatini, kwa uzembe wangu wa zamani, bila kuambiwa, sajini angevua viatu mlangoni kwetu akakaa juu ya ule mkeka. Nilikuwa na chupa nyingi. Hakuna hata moja iliyonipa furaha ambayo ile ingempa yeye.

Iliyobaki mwishoni ilikuwa ya kasha la Nakasero, yenye karatasi nyeupe. Nilikuwa naiweka, bila kujua naiwekea nini.

Kisha serikali ikaanza kuanguka. Mizinga ilisikika kwanza mbali, halafu karibu, na watu wa upande wa kina mke wangu, ambao serikali ile ilihesabiwa kuwa yao, hasa askari na jamaa zao, wakaanza kuogopa kulala nyumbani. Sajini alipata lori la kwenda kaskazini. Mke wangu alisema atamsindikiza mama yake, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba, kisha atarudi mambo yakitulia. Nilisema mimi nitabaki kulinda nyumba. Nilimaanisha nyumba, lakini sitasema uongo hapa: nilifikiria pia kona ile ya stoo.

Alifunga mzigo wake mdogo. Mlangoni akageuka.

"Usisahau kuzimwagia maji."

"Sitasahau."

"Na ile ya karatasi nyeupe, ukiifungua, utaniambia inafanana na nini."

"Nitakungoja."

"Usingoje sana," alisema, na honi ya lori ikapigwa barabarani.

Walivuka mpaka. Barabara zilifungwa, halafu zikafunguliwa, na bado sikwenda. Nilijiambia hawezi kukosa njia ya kurudi. Nilijiambia nikiondoka nyumba itachukuliwa. Nilijiambia mengi. Kisha wafanyabiashara waliotoka huko wakaleta habari kwamba mke wangu amefariki katika kambi ya wakimbizi, msimu wa mvua, kwa homa ya siku chache.

Wiki ile nilifungua chupa ya karatasi nyeupe. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata kunywa. Nilikaa mezani, kiti chake mbele yangu, nikasema kwa sauti: zambarau, ile iliyopasuka na kuanguka chini. Moshi wa kuni mbichi. Ngozi ya mkanda, si ya kiatu. Nilinyamaza ili aniulize zaidi. Sikuweza kuimaliza. Niliiacha bila kizibo dirishani jikoni, nikaitazama kila siku ikigeuka, mpaka ikawa siki, nikaitia katika chupa ya jemu.

Ilipita miaka kadhaa, watu wakaanza kurejea. Mdogo wa kiume wa mke wangu, ambaye zamani alikuwa dereva, alinitafuta akanipata Ntinda ile ile. Alikuwa amekonda, mvi zimempata mapema. Nilimtafutia nyama kwa mchinjaji Mwislamu, nikakaanga, nikatandika mkeka, nikakata vitunguu na nyanya, nikamwagia siki yangu.

Alinusa kabla hajaketi vizuri.

"Shemeji! Hii ndiyo ile siki? Dada alituchosha nayo kule. Chakula cha msaada hakina ladha, yeye anatusimulia siki ya mume wake. Mama akimwambia anyamaze, anaongeza."

"Na mzee?"

"Mzee yupo. Macho tu ndiyo hayaoni. Mpaka leo anasema Ntinda kuna chakula chake."

Alinawa, akachukua kipande cha nyama, akakipeleka kwenye bakuli la kachumbari. Mkono ukasimama.

"Iligeuka yenyewe?"

Alikuwa mgeni wangu, amechoka, na macho yake yalikuwa ya dada yake. Neno moja lingetosha.

"Hapana," nilisema. "Niliiacha wazi mimi, kwa mkono wangu."

Alitikisa kichwa taratibu, bila kuudhika. Akalisukuma bakuli upande wangu kwa mgongo wa kiganja.

"Basi, shemeji. Niletee chumvi."

Nilimletea. Alikula nyama kwa chumvi, akaisifu, akanisimulia habari za dada yake kule, jinsi alivyocheka, jinsi alivyougua, nani alimshika mkono. Mimi nilimsikiliza huku nikila bakuli lile peke yangu, mpaka kitunguu cha mwisho.