Mgeni Aliyepiga Chafya Mbele ya Vitabu vya Okoth

Tulikuwa watano chumbani, na wote ninawakumbuka kwa majina, kwa hivyo asije mtu akasema bibi kizee aliota. Nilikuwa mimi, mama yake Okoth. Alikuwa Onyango, kitindamimba wangu, mdogo wake Okoth. Alikuwa Auma, mke wa Okoth, ambaye alifika kutoka Sindo mchana huo, pamoja na mtoto wao Akinyi, aliyeachwa na baba yake kabla hajajua kutembea. Wa tano ni Mama Boke, jirani yangu hapa Migori, Mkuria, Msabato kamili, aliyekuwa akiuza wimbi la uji sokoni. Onyango yuko hai, anafanya kazi Sori. Auma yuko hai. Akinyi sasa ana watoto wake. Waulizeni. Mama Boke peke yake ndiye ametutangulia, na hata yeye alikuwa akiisimulia hii habari kwa waumini wenzake mpaka wakamchoka.

Ilikuwa miaka ya tisini. Lakini ngoja kwanza niwaambie Okoth alikuwa nani, la sivyo hamtaelewa kwa nini mpaka leo nikisikia mtu akipiga chafya naacha ninalolifanya.

Okoth wangu alikuwa mvuvi, lakini roho yake ilikuwa kwenye televisheni. Pale Sindo, kijijini kwetu kando ya ziwa, kulikuwa na duka moja lenye televisheni ndogo inayotumia betri ya gari, na kila Jumamosi jioni ilikuwa inaonyesha mchezo wa watu wanaosafiri kwenye nyota. Kizungu kitupu. Mimi nilisoma kidogo tu nikatolewa kwenda kuchunga, sikuelewa hata neno. Lakini nilikuwa naenda, nakaa juu ya kreti ya soda, na Okoth ananitafsiria sikioni kwa Dholuo. Yule mwanamke ni kamanda, ana glavu moja kwa sababu mkono mmoja unawaka moto. Yule ni daktari mwenye masikio ya shaba, anamsikia mgonjwa aliye nyota nyingine. Na yule wa chuma, jina lake la Kizungu liliushinda ulimi wangu, kwa hivyo nyumbani tulimwita Mzee Bati. Mzee Bati alikuwa na ugonjwa mmoja. Mtu akidanganya karibu naye, anashika sikio la kushoto, kisha anapiga chafya mara mbili. Mnaona maneno hayo? Chuma kinapiga chafya. Duka zima lilikuwa linaanguka kwa kicheko.

Okoth akaanza kukusanya. Alikuwa ananunua mandazi kwa yule mama anayefunga kwa gazeti lenye ukurasa wa televisheni, hata kama mandazi yenyewe yamelala. Alikusanya karatasi za chingamu zenye picha za wale watu, akachora mwenyewe zile alizokosa, akatengeneza nishani ya kamanda kwa kizibo cha soda. Vyote alivibandika kwenye kalenda kuukuu, akazishona kwa uzi wa nyavu zikawa vitabu vitatu vinene. Na nyumbani alikuwa yeye ndiye Mzee Bati. Ukimwambia umeshiba na hujala, anashika sikio la kushoto, chafya mbili. Onyango akisema ameoga, chafya mbili. Ndani ya boma langu uongo ulikuwa kazi ngumu.

Halafu mashua yao ikapinduka. Wenzake walipatikana. Okoth hakupatikana.

Kwetu Wajaluo, mtu akizama na mwili usionekane, hatumwachi hivyo hivyo. Tunachuma tunda la yago, lile zito na refu linaloning'inia kwenye mti wake kama mtu, tunalizika badala yake, na tunalilia vilevile. Tulifanya hivyo Sindo. Mzee Ogutu, baba mdogo wa Okoth, akaniambia niweke na kitu ambacho mikono ya kijana ilikipenda. Nikachukua wembe, nikakata picha ya Mzee Bati kutoka kitabu cha pili, nikailaza juu ya yago mbele ya watu wote, na udongo ukafunika. Kwenye kitabu likabaki dirisha.

Auma alikataa kukaribia. Alisimama kwenye ua, Akinyi mgongoni, akaniambia maneno ambayo wazee walinung'unikia kwa muda mrefu: "Mimi sikuolewa na tunda, Mama." Wanawake walipokuja kumnyoa nywele kama mjane, akakataa. Akabaki na nywele zake na mume wake hai kichwani mwake, mwaka baada ya mwaka, huku mimi nikihamia Migori kutafuta riziki na vile vitabu nikavibeba.

Sasa siku ile Auma alikuja na kifurushi. Mchuuzi mmoja wa samaki alikuwa amemwambia kwamba ng'ambo, Musoma, kuna Mjaluo anayetengeneza redio na amebandika picha za nyota ukutani. Basi. Asubuhi yake Auma alikuwa avuke mpaka pale Isebania na mtoto, na alikuja kwangu kuchukua vitabu ili yule mtu akiviona asiweze kumkana. Hakuwa na ndugu huko, hakuwa na pa kulala. Nilimwomba aniachie Akinyi. Akasema mtoto ndiye atakayetambuliwa kwanza. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Kumfunga kamba? Nilisema tu, tule kwanza, na tuvitazame vile vitabu kwa mara ya mwisho kabla havijaondoka.

Ilikuwa Ijumaa na jua lilikuwa linazama, mvua imeanza kupiga mabati. Mama Boke akaingia. Nikamtania kwamba Sabato imeshaingia, dini yake itamruhusu vipi kutazama sinema. Akasema, "Mama Okoth, karatasi si sinema. Nisogezee taa."

Mimi nawaambia, tulifurahi! Sikutegemea. Tangu mazishi hakuna aliyefungua vile vitabu, na sasa kila ukurasa ulikuwa unatoka na kelele zake. Onyango akasimama juu ya kiti akawa kamanda, mkono wa kushoto ndani ya soksi. Auma akacheka, Auma ambaye sikumsikia akicheka tangu ziwa lichukue mume wake, akaanza kumwonyesha Akinyi: hii baba yako alitoa kwenye mandazi, ona mafuta bado yapo. Mtoto akaweka pua pale akanusa.

Hapo ndipo mtu akabisha hodi.

Alikuwa mwanamume amejifunika gunia kichwani kwa sababu ya mvua. Akaomba kujikinga kidogo. Sikilizeni vizuri hapa: hakufanana na Okoth. Okoth alikuwa mrefu, mweusi tititi, huyu alikuwa mfupi na mwenye mashavu. Sikumjua na sijamwona tena. Nikampa kigoda karibu na mlango, nikamkaribisha omena, wale dagaa wa ziwani, na ugali, akashukuru na hakugusa. Nilipomuuliza ametoka wapi akasema ametoka chini, ziwani. Watu wengi hutoka huko, nikaachia hapo, tukarudi kwenye vitabu.

Lakini yule mgeni alikuwa anacheka nasi. Na alikuwa anacheka mapema. Onyango hajafungua ukurasa, yeye tayari anatabasamu. Wakati mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Sasa anakuja yule wa masikio ya shaba." Onyango akafungua, na kweli, ni daktari. Mama Boke akanitazama. Nikajiambia, labda naye alikuwa anatazama mchezo ule, kwani televisheni ilikuwa ya Okoth peke yake?

Tukafika kwenye picha moja nzuri sana ya merikebu ya wale wasafiri wa nyota, imechorwa kwa kalamu ya wino. Onyango, na nyinyi mnamjua Onyango kwa kujisifu, akasema hiyo alichora yeye.

Mgeni akashika sikio la kushoto. Akapiga chafya mara mbili.

Mama Boke akasema pole, mvua hiyo imekuingia. Nikampakulia Mama Boke ugali, naye akasema hapana, nimekula kwangu, nimeshiba kabisa. Mgeni akashika sikio la kushoto, chafya mbili. Na Mama Boke, niaminini, alikuwa hajala tangu asubuhi, alikiri mwenyewe baadaye.

Akinyi ndiye aliyeelewa kwanza. Watoto hawana breki. Alishuka kwenye mapaja ya mama yake, akasimama mbele ya yule mtu, akasema, "Mimi ni ng'ombe." Chafya mbili. Akasema, "Mimi ni Akinyi." Kimya. Akaninyooshea kidole mimi bibi yake, akasema, "Dani yangu anaitwa Mzee Bati." Chafya mbili. Mtoto akacheka mpaka akakaa sakafuni, na Onyango akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pia, kicheko kilinitoka kabla akili haijafika. Kisha ikafika. Nikaweka mwiko chini.

Hakuna aliyekuwa amemwambia mtu huyo habari za Mzee Bati na chafya zake. Picha yake haikuwa kitabuni. Kulikuwa na dirisha tu.

Auma alikuwa ameacha kucheka. Alisogea kwa magoti mpaka karibu na kigoda, kama mtu anayekaribia ndege asije akaruka. Nilitaka kumvuta nyuma, sikuweza. Akasema, "Mimi naitwa Auma."

Kimya.

"Niliolewa Sindo, na Okoth."

Kimya. Mvua tu.

"Okoth yuko Musoma."

Mkono ukapanda polepole kwenye sikio la kushoto. Chafya mbili.

Mama Boke akaanza kuomba kwa Kikuria. Auma hakugeuka. Sauti yake ilikuwa imenyooka. "Okoth yuko hai."

Yule mtu alimtazama kwa muda. Nilifikiri hatafanya. Mpaka leo naona kwamba hakutaka. Kisha akashika sikio, na chafya zilitoka nzito, moja, halafu nyingine, na akajifuta macho kwa kona ya gunia.

Auma akainamisha kichwa. Mimi nilifikiri yameisha. Lakini akatoa jambo ambalo sikujua kuwa ndilo lililokuwa likimla miaka yote hiyo. Alisema kwa sauti ndogo sana, "Okoth alinisahau."

Haraka, hata Auma hajamaliza neno, mkono wa mgeni sikioni, chafya mbili. Na akatabasamu.

Mvua ikaisha ghafla kama mtu aliyefunga mfereji. Mgeni akasimama, akasema asante kwa kigoda, akatoka. Onyango alimfuata na taa mpaka barabarani, akarudi akisema hakuona mtu. Hilo halikunishtua sana. Kilichonishtua kilikuwa juu ya kigoda: picha ya Mzee Bati, kingo zake zimekatwa kwa wembe wangu, na imeshikwa na udongo. Si huu udongo mwekundu wa hapa Migori. Udongo mweusi wa kwetu Sindo. Tukaileta kwenye dirisha la kitabu cha pili. Ilikaa sawasawa.

Asubuhi Auma hakwenda Isebania. Tulipanda gari sote kwenda Sindo, Mama Boke naye akaja Sabato ikiwa bado inaendelea, akasema Mungu ataelewa. Kaburi halikuwa limeguswa, nyasi zimeota juu. Auma akakaa chini kando yake, akafungua kitambaa, akaniambia, "Mama, ninyoe." Nikamnyoa. Alilia kilio chake chote ambacho hakukitoa siku ya yago, na kijiji kizima kikaja kulia naye upya. Baadaye aliolewa, mtu mzuri, fundi wa baiskeli, na mimi ndiye niliyembariki.

Vitabu viko kwangu. Wajukuu wakija tunavifungua, tunapiga kelele zilezile. Lakini nina sharti, na ninakupa wewe pia unayesoma: ukifungua vitu alivyovipenda marehemu, usidanganye mbele yake, hata uongo mdogo wa adabu, hata kusema umeshiba. Na mgeni wa mvua akiingia wakati huo, mpe kigoda, lakini usimwambie neno ambalo huwezi kuvumilia jibu lake. Auma aliweza. Sijui kama mimi ningeweza, maana kuna neno moja nililotaka kusema usiku ule na nililimeza, na bado ninalo.

Basi, hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Onyango, Auma, Akinyi, na wewe uliyekuwa Sindo siku ya kunyoa, kama nimekosea mahali, kama soksi ilikuwa mkono wa kulia na si wa kushoto, kama omena zilikuwa za kukaanga na si za kuchemsha, kama aliyetangulia kucheka si Akinyi, njooni mnirekebishe. Mlango uko wazi, na kigoda kile bado kipo palepale.