Njia ya Wanaokwenda na Njia ya Wanaorudi

Kule Bukundi, ukipeleka ng'ombe lambo na kumkuta Nyanjige, shika adabu. Mama huyo hapigi kelele. Ananyoosha fimbo tu: wanaokwenda kunywa wapite juu, kwenye migunga, wanaorudi wapite chini, penye mchanga. Uwe na ng'ombe mia mbili au mbuzi mmoja mwenye kikohozi, kwake ni sawa.

Hakuna aliyemwajiri. Alianza mwaka ule mumewe, Salu, alipokanyagwa. Makundi mawili yalikutana uso kwa uso, madume yakavaana. Salu wala hakuwa anachunga. Alikuwa anakata njia tu, amefuata kamba yake. Matanga yalipoisha, Nyanjige akachukua fimbo ya marehemu akaenda kusimama pale. Mwaka wa kumi na tisa huu.

Jumatatu moja jioni bintiye Kabula akapiga simu kutoka Dar es Salaam. Jumatano alfajiri anapasuliwa moyo.

"Mayu, mama yangu, njoo nikuone kabla sijaingia. Basi halitawahi. Nimekukatia ndege ya kesho, kutoka Mwanza."

Nyanjige akakaa chini. Ndege alikuwa akiziona kila siku akiwa lambo: moja inakwenda kule, nyingine inatoka kule, anga lile lile moja. Akatoka akamfuata jirani yake Elia, anayefyeka nyasi kwenye kiwanja cha ndege ndogo za madaktari.

"Elia, zile zinapishana wapi?"

Elia akamwaga punje za mahindi chini. "Juu kwa juu, mayu. Hesabu futi za kwenda juu kwa elfu, kila elfu punje moja, uzipange mbili mbili. Ikibaki moja haina mwenzake, hiyo ni ya anayekwenda mashariki. Isipobaki, ni ya anayekwenda magharibi. Kati yao futi elfu moja, kama migunga hamsini mmoja juu ya mwingine."

"Nani anasimama njia panda?"

"Kila rubani ana dira. Na chini kuna watu wanawasemesha kwa redio."

"Na anayekwenda kaskazini kabisa?"

Elia akacheka. "Hilo nami nilimuuliza rubani. Kaskazini kabisa anahesabiwa pamoja na wa mashariki. Kusini kabisa, na wa magharibi. Hakuna wa katikati."

Hapo ndipo Nyanjige alipoinuka. Akaokota punje za kujaa kiganja, akazifunga kwenye pindo la kanga. Dar, Elia alimwambia, ni mashariki kuelekea kusini. Lazima ibaki moja.

Kesho yake, ndege ilipokwisha kupaa Mwanza, sauti ya kapteni ikasikika: "Tunapita futi elfu kumi na nane."

Nyanjige akafungua pindo. Mbili, mbili, mbili. Haikubaki hata moja. Akarudia. Akamshika mkono mhudumu, binti aliyeandikwa Goodness kifuani.

"Mwanangu, mwambie dereva ameshika njia ya wanaorudi!"

"Bibi, mwambie ashushe abiria hapo Maswa!" akadakia jamaa wa kiti cha nyuma. Watu wakaangua kicheko.

Goodness hakucheka. Akachutama. "Bado tunapanda, mama. Hapa tunakata tu."

"Mume wangu naye alikuwa anakata tu."

Binti akamtazama yule mama, akatazama zile punje mapajani. Kisha akaenda mbele, akainua simu, akaongea, akarudi. "Kapteni anasema ameomba ruhusa kwenye redio, na njia yote ni nyeupe. Atakaa ishirini na tatu. Akifika atakuambia mwenyewe."

Nyanjige akangoja, macho dirishani. Mara: "Mama wa kiti cha kumi na mbili, tumefika elfu ishirini na tatu."

Jozi kumi na moja. Ikabaki moja. Akaifumbata, na yule jamaa wa nyuma akanyoosha shingo kuhakikisha.

Usiku ule alilala kwenye kiti ubavuni mwa kitanda cha Kabula. Alfajiri walipokuja kumchukua, akamwekea ile punje kiganjani.

"Hairuhusiwi kuingia, mama," nesi akasema kwa upole, akaitoa akamrudishia.

Nyanjige hakubisha. Alitazama kitanda kikisukumwa mpaka kikaingia mlango wa kulia.

"Na wanaorudi," akamuuliza nesi, "wanatokea wapi?"

Nesi akamwonyesha mlango wa pili, mwisho wa korido. Nyanjige akajifunga kanga vizuri, akaenda kusimama pale.