Memori Kadi ya Mashamba ya Mwani

Nilipopangiwa kazi Mafia, kwenye hifadhi ya bahari, sikuwa nimewahi kuingia baharini kupita magotini. Nimezaliwa Njombe, kwenye baridi na viazi, na nilisomea upimaji wa ardhi kavu. Ofisini Utende nilikabidhiwa kifaa cha GPS cha mkononi, cha njano iliyofifia, kinene kama simu za zamani. Mahali pa kuchomeka kadi palikuwa chini ya betri, nyuma ya mfuniko wa mpira uliokuwa mgumu kufungua hata kwa kucha. Nikaambiwa hilo ndilo jembe langu.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya mwani. Wanawake wa kijiji kimoja ng'ambo ya Ghuba ya Chole walikuwa wakilima mwani kwenye maji madogo, na boti za wageni wanaokwenda kupiga mbizi zilikuwa zikipita juu ya mashamba yao na kukata kamba. Wenye boti walijitetea kwamba maji yakijaa hawaoni shamba linaanzia wapi. Ikakubaliwa ufanyike mkutano, na mimi nikaagizwa nilete ramani ya mashamba yote ili njia ya boti ipangwe pembeni.

Kumbukumbu ya kifaa chenyewe ilikuwa ndogo, na ramani ya miamba ya ghuba tuliyoiweka humo ilikuwa imeshaijaza. Ilibidi kupata memori kadi. Mwenzangu wa ofisini akanishauri, "Chukua kubwa kabisa, ununue mara moja usahau." Nikaenda Kilindoni, nikachagua yenye namba kubwa kuliko zote zilizokuwa kwenye kabati la vioo la duka la simu. Bei yake nayo ilikuwa nafuu kuliko nilivyotarajia. Nilirudi Utende nikiwa nimefurahi, kadi ikiwa bado kwenye pakiti yake.

Siku ya kupima ilikuwa ya bamvua, maji yametoka mpaka mbali na vijiti vya mashamba vimesimama wazi juu ya mchanga. Kiongozi wa wakulima, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na hatua ndefu, alinipokea ufukweni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ndicho kitakachochora?"

"Ndicho. Nikizunguka nacho shamba, kinaweka mstari kila ninapopita."

"Haya, tuzunguke."

Kila mwanamke alinitembeza kwenye shamba lake, akinionyesha kijiti cha mwisho na mpaka wake na jirani. Nilikuwa nateleza kwenye majani ya bahari, na mama yule alinishika mkono juu ya kiwiko na hakuniachia mpaka tulipomaliza. Maji yalipoanza kurudi tulikuwa tumezunguka mashamba yote. Waliniaga kwa furaha, kila mmoja akiamini shamba lake limo ndani ya kile kifaa.

Halikuwemo hata moja. Nilipofungua kadi kwenye kompyuta ya ofisi, majina ya mafaili yalikuwepo, lakini ndani yake hamkuwa na kitu. Mwenzangu aliichunguza, akatikisa kichwa.

"Hii ni feki. Imeandikwa kubwa, ndani ni takataka. Inakubali kila unachoiwekea, lakini haitunzi chochote."

Niliona aibu, hasa nikikumbuka wale wanawake walivyokuwa wamejipanga kwa zamu kwenye maji wakinisubiri. Asubuhi iliyofuata nilivuka ghuba kwenda kumwambia kiongozi wao. Nilimkuta kwenye kibaraza cha nyumba yake akifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Nilimweleza yote. Mikono yake haikusimama.

"Kazi yote ya jana?"

"Yote, mama. Nisamehe."

"Hiyo kadi uliinunua wapi?"

"Kilindoni."

"Uliijaribu kwanza?"

"Hapana."

Akafunga mbegu nyingine. "Mimi hata kanga sinunui bila kuikunjua," alisema, bila kunisuta. "Ngoja nivae, twende wote."

Muuza simu alikuwa kijana wa Miburani, mcheshi, ambaye pia aliwawekea watu nyimbo kwenye simu zao, kwa hiyo alikuwa na kompyuta pale dukani. Aliposikia habari yetu aliichomeka ile kadi, akaijaza mafaili, akaona mwenyewe. Hakubisha. Alizitoa zote za aina ile kwenye kabati akaziweka kando, kisha akatupangia nyingine juu ya meza.

"Dada, kwa kifaa cha zamani kama hiki usitafute kubwa," aliniambia. "Unarekodi mistari, siyo video. Mistari haili nafasi. Tafuta ndogo, lakini iwe ya kweli."

"Ndogo kiasi gani?" mama akauliza.

"Hata hii ya nyimbo za harusi moja inatosha."

Tulijaribu ya kwanza, kifaa kikaikataa palepale. Ya pili ikakubali mara moja, nami nikafungua pochi. Mama akaniwekea mkono juu ya pochi.

"Kukubali si kitu. Hata ile ya mwanzo ilikubali. Tuzunguke."

"Tuzunguke wapi, mama?"

"Sokoni. Tukirudi tutazame kama imetuandika."

Basi tukazunguka soko la Kilindoni, yeye mbele amekishika kifaa kwenye kiganja kilichonyooka kama anayebeba sahani ya moto, mimi nyuma yake. Kila baada ya hatua chache alisalimiwa. Mwanamke mmoja wa nyanya alimuuliza kama amenunua simu mpya.

"Hii haipigi," alimjibu. "Inaandika tu tunakopita."

"Na ikuandike hapa kwangu, basi."

Akasimama hapo, akanunua fungu la nyanya. Tukasimama tena kwa muuza pweza, tukala vipande vyetu kwa pilipili na ndimu, na kifaa tumekiweka juu ya benchi kati yetu. Nilikuwa nimeshasahau wasiwasi wangu.

Tuliporudi dukani kijana akaifungua kadi. Mstari ulitokea kwenye kioo: umetoka dukani, umekata kona ya soko, umezunguka, na sehemu moja umejikunja kama uzi uliochanganyikana. Mama aliinama akautazama kwa muda.

"Hapa tumekula pweza," alisema, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sisi tukacheka naye. Nilichukua kadi hiyo na nyingine ya akiba ya aina ileile, nayo tukaijaribu, ingawa safari hii nilizunguka peke yangu.

Maji yalikuwa bado yanatoka vizuri, tukapima upya kesho yake. Wanawake walirudi wote. Mmoja aliniuliza kwa utani kama leo nimekuja na kichwa au na kifaa tu. Tuliporudi ufukweni nilifungua kila mstari mbele yao kwenye kioo kidogo kabla sijapanda boti, na kila mwenye shamba akaliona lake.

Mkutano ulikwenda vyema kuliko nilivyoogopa. Nahodha mmoja, aliyekuja amenuna, aliiweka ramani kwenye mapaja yake akaifuata kwa kidole, kisha akasema hapa kati ya mashamba na mwamba panapitika, mbona. Njia ikawekwa hapo, na wenye boti wenyewe wakatia madumu meupe yaelee kuonyesha mpaka. Mwaka huo kamba zilikatwa mara moja tu, na aliyezikata alikuja kusaidia kuzifunga.

Mimi na yule mama hatukuachana tena. Jumapili, nikitoka kanisani, nilizoea kuvuka ghuba kwenda kukaa naye kibarazani, tukila muhogo wa nazi huku akinifundisha kufunga mwani. Sikuwahi kuuweza vizuri. Mafundo yangu yalifunguka yakiguswa na maji, naye aliyapitia moja moja akiyakaza upya, akiendelea kunisimulia habari za binti yake aliyeolewa Baleni.