Siku Kompaila Ilipomfanya Baba Mkwe Mtoto wa Mwanawe

Jamani, mimi nimeaibika mara nyingi maishani (nimewahi kwenda kazini na viatu viwili tofauti, na nimewahi kumsalimia bosi wangu kwa lile jina la utani tulilompa), lakini aibu zote hizo ukizifunga kwenye kanga moja hazifikii ile ya siku ya wazazi pale Voi, siku niliyotambaa chini ya meza ya wageni na sketi ya kanisa, ukumbi mzima ukiniangalia, na aliyekuwa ameketi kwenye meza hiyo ni Mzee Mwamburi, baba yake Maghanga, yaani mtu niliyekuwa natafuta kwa kila hali awe baba mkwe wangu.

Ilikuwa miaka ya themanini na mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha chuo kimoja Nairobi. Mjomba wangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari hapo Voi, na shule ilikuwa imeletewa kompyuta na printa na marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo, vikakaa kwenye stoo vimefunikwa kitambaa cha meza kwa sababu hakuna aliyethubutu kuviwasha. Mjomba akaniomba nije siku ya wazazi niwaonyeshe watu kwamba kile kitu kinafanya kazi. Nikakubali haraka haraka, na si kwa ajili ya shule, niseme ukweli. Maghanga, mchumba wangu, alikuwa anafanya kazi reli pale Voi, na baba yake alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mzee alikuwa mkulima wa kabeji huko Mwanda, mzee wa kanisa, mtu asiyecheka ovyo, na alikuwa hajaniona hata siku moja. Alikuwa amemwambia mwanawe, "Huyo msichana wa mashine nitamwangalia kwanza kwa macho yangu, halafu ndipo tuzungumze."

Sasa mimi nikajiambia, leo ndiyo leo, huyu mzee nitamwandalia kitu ambacho hajawahi kukiona, nitamsomea ukoo wake kwa kompyuta.

Lugha ya kompyuta niliyokuwa naipenda wakati ule inaitwa Lisp, na mabano ndani yake ni mengi kuliko mawe ya vilima vya Maungu (ndiyo maana hata nikiongea siwezi kumaliza sentensi bila kufungua bano). Katika lugha hiyo kila kitu ni kitendo: unakipa kitu, kinakurudishia kitu, na raha yake ni kwamba kitendo kinaweza kujiita chenyewe. Basi nikaandika kitendo kifupi sana, unakipa jina la mtu, kinachapisha baba yake ni nani, halafu kinajiita tena na jina la huyo baba, kinachapisha baba yake naye, hivyo hivyo kupanda juu mpaka kifike kwa mtu ambaye baba yake hajulikani, hapo kinasimama. Nikakijaribu kwa ukoo wetu na kikaenda vizuri: Wakesho ni mimi, baba yangu Zakayo, baba yake Yeremia (babu yetu alipobatizwa hakutaka tena majina ya zamani, akawapa watoto wote majina ya Biblia), na juu yake baba wa babu, basi, kikasimama kwa adabu.

Ukoo wa akina Maghanga nao aliniambia mwenyewe tukinywa chai, nikauingiza, na kwa mapenzi tu nikamweka yeye Maghanga wa kwanza kabisa kwenye orodha, juu ya wazee wote.

Hapo ningeishia ningekuwa salama. Shida ni kwamba kompyuta ile ilikuwa inatumia programu ya kusoma mstari, kufanya, kusoma mwingine, kufanya, kama vile mkalimani wa kanisani anavyongoja mhubiri amalize sentensi ndipo aiseme kwa Kidawida, na kwa hiyo ilikuwa inachechemea. Mimi kwenye mkoba nilikuwa na diski (flopi) ya kompaila. Kompaila haingoji mhubiri, inatafsiri mahubiri yote mapema kuwa lugha ya mashine yenyewe, na ikishamaliza programu inakimbia. Asubuhi ile, wazazi wakiwa wanaanza kuingia, nikaona nikompaile ukoo wa Mzee Mwamburi uende mbio, tena kompaila ikaniuliza kama nataka ukaguzi, yaani iwe inaangalia makosa na kusikiliza kibodi nikitaka kuisimamisha, na bila ukaguzi itakuwa na kasi zaidi. Nikazima ukaguzi. Jamani, nilizima! Wala sikuujaribu ule ukoo wao hata mara moja, nikaenda kupaka mafuta mikono.

Ukumbi ulijaa. Mzee Mwamburi akaketi mbele, suti ya kijivu, kofia kwenye goti, soda mbele yake, na pembeni yake dada yake, Shangazi Mkamburi, mwanamke ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti. Mjomba akashika kipaza sauti akanisifu mpaka nikaona haya, nikasimama, nikasema kwa heshima zote, "Baba, kwa ruhusa yako, naomba kompyuta iwasomee wazazi ukoo wako."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Nikaandika MWAMBURI, nikabonyeza.

Printa ikaanza kelele zake, na mjomba, kwa furaha, akawa anasoma kwenye kipaza sauti kila mstari unaotoka. "Baba wa Mwamburi ni Maghanga!" Watu wakapiga makofi, kwa sababu ni kweli, babu aliitwa Maghanga. "Baba wa Maghanga ni Mwamburi!" Makofi yakapungua. "Baba wa Mwamburi ni Maghanga! Baba wa Maghanga ni... ni Mwamburi!"

Hapo ndipo jasho liliponitoka, kwa sababu nilielewa papo hapo. Mchumba wangu amepewa jina la babu yake, kama tunavyofanya sisi wote (sisi wote isipokuwa nyumba yetu ya akina Zakayo!), na kompyuta ikitafuta baba wa Maghanga haijui kwamba Maghanga wako wawili, inamkuta huyu wangu niliyemweka wa kwanza, inatosheka, inarudi kwa Mwamburi. Kwa ile programu ya mkalimani, kila kitendo kinapojiita kinakula kumbukumbu kidogo, na ikijaa kinasimama chenyewe na kulalamika. Kompaila yangu ilikuwa imesafisha mambo yote hayo. Programu ilikuwa inazunguka bila kula chochote na ingeweza kuzunguka mpaka Krismasi.

Nikabonyeza kibodi. Haisikii. Nikabonyeza vitufe vyote. Karatasi ikazidi kushuka, ikajikunja sakafuni, ikaanza kuelekea kwa wageni.

"Kumbe mtoto ndiye amemzaa baba!" mtu akapiga kelele huko nyuma.

Shangazi Mkamburi naye akasimama. "Mwalimu Mkuu, nunueni karatasi nyingine, ukoo wetu haujafika hata nusu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mjomba maskini hakujua aache kusoma au aendelee, akawa anaendelea. Nikaona dawa ni kuchomoa waya tu, na soketi ilikuwa chini ya meza ya wageni. Nikaingia chini ya kitambaa kwa magoti, nikapita katikati ya viatu vya wazee, nikashika waya, nikavuta. Sauti ya mjomba ikakatika. Nilikuwa nimechomoa kipaza sauti. Nikavuta mwingine, skrini ikazimika, nikamshukuru Mungu, lakini printa (nayo ina kumbukumbu yake ndogo) ikaendelea kana kwamba haijaambiwa kitu: Maghanga, Mwamburi, Maghanga. Nikavuta wa tatu kwa hasira, kisigino kikanasa kwenye kitambaa, meza ikatikisika, na soda yote ya Mzee Mwamburi ikamwagika kwenye ile suti ya kijivu.

Printa ikasimama. Nikatoka pale chini na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Mzee alikuwa anajipangusa na leso, polepole. Akainama, akaokota karatasi, akaisoma kwa muda.

"Binti, wewe ndiye umeandika hii?"

"Ndiyo, Baba. Nisamehe, Baba. Nimekosea."

"Baba yangu ni Maghanga. Ni uongo?"

"Si uongo, Baba."

"Na huyu kijana wangu ni Maghanga wa Mwamburi. Ni uongo?"

"Hapana, Baba."

"Basi mashine yako haijasema uongo. Ila haijui kwamba watu hufa." Akavaa kofia, akatoka na ile suti yake iliyolowa.

Nililia kwenye chumba cha walimu mpaka macho yakavimba. Mjomba aliniletea chai. Nilishajiona nimerudi Nairobi bila mchumba, mzee anawasimulia watu wa Mwanda habari za msichana aliyemmwagia soda. Halafu Maghanga akaingia anahema.

"Umemwona baba?" nikamuuliza.

"Yuko nje, ameshika ukuta."

"Anaumwa?"

"Anacheka! Mimi sijawahi kumwona akicheka hivyo. Anasema kumzika babu kulimtoa jasho, na wewe umemfufua mbele ya wazazi wote." Akanifuta vumbi usoni kwa mkono wake. "Anauliza nyumbani kwenu tufike lini."

Wakafika, tukaoana, na Shangazi Mkamburi siku ya harusi alisimama kunitania kwa ule ukoo usioisha mpaka mchungaji mwenyewe akafuta machozi ya kicheko.

Lakini msidhani kwamba kwa kuwa iliisha vizuri basi haikuwa aibu. Mpaka leo nikisikia printa naangalia chini kutafuta soketi iko wapi. Ukaguzi sijauzima tena, wageni wakitaka kungoja wangoje, na kitu chochote kinachomhusu mkwe nakijaribu kwanza nikiwa peke yangu, mlango umefungwa, na hakuna soda karibu.