Ulimi wa Kuazima

Kijiji kizima kilimwita Bi Mwiko, na hata mumewe alikuwa amezoea kumwita hivyo mbele ya watu. Mgahawa wake ulikuwa chumba kimoja chenye meza nne, kilichobanwa kati ya mashine ya kusaga nafaka na kibanda cha fundi baiskeli. Jiko lilikuwa nyuma, na ukutani palitobolewa dirisha dogo la kupitishia sahani. Upande wa huku alisimama yeye na masufuria yake. Upande wa kule alizunguka wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Walifanya kazi hivyo tangu mume alipoumia mgongo akaacha uashi.

Chakula kilikuwa kilekile kila siku: wali, maharage, nyama ya mchuzi, mboga za majani, chai. Watu hawakuja kutafuta maajabu. Walikuja kwa sababu walijua watakachokikuta.

Kisha, msimu wa baridi, Bi Mwiko akashikwa na mafua mabaya. Alilala ndani siku chache, akaamka na kichwa chepesi na miguu mizito, akarudi jikoni. Asubuhi hiyo alijimiminia chai, akanywa. Yalikuwa maji ya moto tu. Akaongeza sukari, akakoroga, akanywa tena. Maji ya moto. Akafungua pakiti nyingine ya majani, akijua moyoni kwamba kosa si la majani. Akatafuna kipande cha kitunguu kibichi. Kilimtoa machozi, lakini kinywani hakikuacha kitu.

"Ladha itarudi," alijiambia.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Fundi cherehani akisema haoni, nani atampelekea kitambaa?

Haikurudi. Mwanzoni alitegemea mkono, maana mkono ulikuwa umetia chumvi kwenye masufuria yaleyale miaka mingi. Lakini mkono peke yake haukutosha. Nyanya za wiki hii zilikuwa chachu kuliko za wiki iliyopita, naye hakujua. Baya zaidi, akiitwa dirishani katikati ya kazi, alirudi asikumbuke kama ameshatia chumvi au bado. Zamani angechovya mwiko, angelamba, mambo yangeisha. Sasa alisimama akilikodolea sufuria macho, kisha akabahatisha.

Wateja wakaanza kubishana.

"Maharage ya huyu mama hayana mpinzani," alisema siku moja dereva wa lori aliyekuwa akipumzika hapo kila safari.

Mwalimu wa shule ya msingi, aliyeketi meza ya pili, alisogeza sahani yake kando. "Kaka, sijui umepakuliwa kutoka sufuria gani. Haya yangu yanataka ndoo ya maji pembeni."

"Mimi nasema ya juzi. Ya leo sijayaonja."

"Basi juzi ilikuwa zamu yako. Leo ni yangu."

Watu wakacheka. Bi Mwiko, nyuma ya dirisha, alisikia kila neno. Aliendelea kukata mboga.

Toka hapo ukazuka mtindo. Anayeingia alimuuliza anayetoka, pale pale mlangoni, "Leo vipi?" Na anayetoka alijibu kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya barabara: "Wali salama. Mchuzi nenda nao taratibu." Wengine walikula wakasifu hadi wakaongezwa. Wengine waliinuka na njaa yao wakaenda kununua mkate dukani. Wakati mwingine watu wa meza moja, waliopakuliwa kwa nyakati tofauti, walitazamana wasielewane kabisa.

Jioni Bi Mwiko alirudi nyumbani miguu imevimba, akampakulia mumewe, akauliza, "Chakula kiko sawa?"

"Kiko sawa," mume alijibu, kila siku, bila kuinua macho.

Naye alikula chake kwa ajili ya tumbo tu. Kutafuna kulikuwa kazi nyingine baada ya kazi.

Hali ilikwenda hivyo mpaka siku moja ya joto. Asubuhi hiyo alipasha moto maharage yaliyobaki jana, akampakulia mteja wa kwanza, fundi wa mashine ya kusaga, jirani yake, mtu mnene, mpole, mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Wifi alipeleka sahani akiwa mbio kufungua madirisha ya mbele. Aliporudi dirishani, sufuria lilikuwa wazi. Akasimama ghafla.

"Wifi, haya yamechacha."

"Yamechacha vipi?"

"Yamechacha. Husikii harufu? Mimi niko huku nje naisikia."

Bi Mwiko akainamia sufuria, akavuta pumzi ndefu. Mvuke ulimpiga usoni. "Nina mafua," alisema.

"Mafua gani hayo, ya tangu wakati wa baridi?"

Bi Mwiko alifunika sufuria. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, na wifi yake, ambaye hakuwahi kumwona ameketi saa za kazi, akaelewa kabla hajaambiwa. Akageuka akakimbilia mezani. Fundi alikuwa anafuta sahani kwa tonge la mwisho la wali.

"Jirani, umeyamaliza yote?"

"Nimemaliza. Yalikuwa na ukali fulani leo," alisema fundi, akashukuru, akaenda kazini.

Kesho yake mashine haikunguruma. Bi Mwiko alipika uji, akamfanya wifi auonje, akaubeba mwenyewe hadi nyumbani kwa fundi. Alimkuta amejikunja kitandani, rangi imemtoka, mkewe akikamua nguo uani.

"Nimekuja kukuomba radhi," Bi Mwiko alisema. "Chakula kilikuwa kimeharibika. Mimi sisikii ladha tena, jirani. Wala sisikii harufu. Ni miezi sasa."

Fundi akajiinua kwa kiwiko. "Nilijua yameharibika tangu tonge la kwanza."

"Sasa mbona ulikula?"

"Nilikuona dirishani ulivyochoka. Nikasema nisikuvunje moyo."

Bi Mwiko alishukuru kwa sauti ya chini, akaondoka. Njiani alihisi uchovu ambao haukuwa wa miguu. Alipofika nyumbani alisimama mbele ya kiti cha mumewe.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Mume alitazama mikono yake. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipopona mafua. Siku moja kimekolea, siku moja hakina kitu. Nikaona una mzigo wa kutosha, mama watoto."

"Huo ndio ulikuwa mzigo," alisema. "Nilikuwa nakuuliza kila siku. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie."

Usiku huo walilala kila mmoja ameelekea ukuta wake.

Wifi ndiye aliyekata shauri. Kuanzia hapo kila sufuria lilipita kwake kwanza. Alichovya kijiko, akatikisa kichwa au akakiinamisha. Lakini wifi alikuwa na presha, na daktari alikuwa amemkataza chumvi, kwa hiyo kilichomtosha yeye kilikuwa kidogo kwa wengine. Chakula kikawa cha aina moja tena, tulivu, kimepooza. Mwalimu alirudi, na nesi wa zahanati akaanza kuwaleta wenzake. Dereva wa lori alikula mara mbili, akaweka kijiko chini.

"Mama, usinielewe vibaya," alisema dirishani. "Hiki ni chakula cha mgonjwa."

"Chumvi iko mezani, mwanangu."

"Chumvi ya mezani si ya sufuriani."

"Najua," alisema Bi Mwiko. Hakumwona tena. Baadaye alisikia kwamba sasa anapumzisha lori kijiji kinachofuata.

Alipika hivyo mwaka mzima. Kitunguu alikijua kwa sauti yake ndani ya mafuta, nyama kwa kuiminya, wali kwa jicho. Mengine yote yalikuwa ya wifi. Watu walisema mgahawa umetengemaa, nao walisema kweli, ila kilichosifiwa hakikuwa chakula chake, na hilo hakuwa na wa kumweleza.

Siku moja wifi alisafiri kwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua. Alfajiri Bi Mwiko alifika jikoni, akawasha moto, akaweka sufuria la maharage, akashika kopo la chumvi. Akasimama nalo muda mrefu. Kisha akaliweka chini, akauzima moto kwa maji, akafunga mlango na kurudi nyumbani.

"Umesahau kitu?" mumewe aliuliza.

"Leo sifungui."

Mume alimtazama, akainuka polepole kwa ajili ya mgongo wake, akaenda kuchemsha mayai. Walikula wakiwa wameketi pamoja mezani, mchana kweupe, jambo ambalo hawakukumbuka lilifanyika lini mara ya mwisho. Baadaye Bi Mwiko akajinyoosha kitandani bila kuvua kitenge. Mtu alibisha hodi nje, mteja labda, akiuliza kama kuna chakula. Mume akaenda kumjibu kwa sauti ndogo, maana mkewe alikuwa ameshalala.