Pindo la Joho

Mimi napiga pasi, shoga yangu anashona. Chumba kimoja, mlango mmoja. Ni mtu wa maneno machache, lakini mletee nguo iliyofumuka uone anavyoguna, utadhani umemletea mtoto hajaogeshwa. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, na mpaka leo anamtengea chakula kwanza.

Huyo mdogo wake ni mpakizi wa mizigo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Tunamwita Taratibu, kwa sababu ana kigugumizi kisicho na huruma. Akitaka kusema hutikisa kichwa kwanza, juu chini, juu chini, mpaka neno litoke. Marehemu mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo. Sisi tumezoea, tunamsubiri huku tukimtania kwamba chai imepoa.

Jumapili moja nyaya za umeme zikapotea ghalani, akakamatwa yeye. Jumapili ile ile alishinda kwetu akigongelea mlango wetu mbovu, nami nikimpa misumari! Wakili wa kulipa hatumwezi, basi mahakama ikampangia mmoja. Kijana mpole, shikamoo yake tamu, lakini tulipomwona mara ya kwanza aliuliza kama Taratibu ndiye yule wa kesi ya pikipiki. Mara ya pili akauliza tena. Nikamwambia nipo tayari kutoa ushahidi, akasema tutaona. Nilitamani kumzaba kibao, ila mnyonge hana chaguo.

Asubuhi ya kesi tulimkuta kwenye korido, pindo la joho lake linaburuta chini. Shoga yangu hakuvumilia. Alichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akamkalisha kwenye benchi, akavuta pindo mapajani. Nikajua ana lake: anamshona ili asiondoke. Kijana akawa anaongea na simu, habari za faili jingine.

"Mwanangu, nisikilize," shoga yangu alimwambia. "Mdogo wangu akitikisa kichwa hajakubali. Anatafuta neno. Mwambie hakimu amsubiri."

"Usijali, mama. Niachie mimi," akajibu, simu bado sikioni.

Shoga yangu akakata uzi kwa meno. Pindo lilikaa sawasawa.

Ndani, karani akasoma shtaka, akamuuliza Taratibu ni kweli au si kweli. Taratibu akashika mbao za kizimba, midomo ikatetemeka, kichwa kikaanza. Juu chini, juu chini. Hakimu akamgeukia wakili, akauliza kama mteja wake anakubali kosa.

Wakili akainuka, akapekua karatasi. "Anakubali, mheshimiwa."

Shoga yangu akasimama. Askari akamwonyesha kidole aketi, akaketi. Nilimshika mkono. Nikafumbua mdomo niseme habari za mlango na misumari. Askari akanitazama, nikaufumba. Tungefanya nini? Hakimu alishaandika, akasema adhabu itatajwa baadaye.

Walimtoa Taratibu kwa mlango wa pembeni. Alipofika kizingitini, neno lake likatoka, zima, bila kukwama.

"Si mimi."

Karani alikuwa ameshaita kesi nyingine, na wakili wetu alikuwa akipita mbele yetu na joho lake, haliburuti tena. Shoga yangu alilitazama lile pindo mpaka likapotea mlangoni.

"Amesema," akaniambia. "Umemsikia? Amesema."